Walaji sita wanaoshindwa na watano: uchambuzi wa kisa cha foleni ya jumbe

Mfumo una foleni moja ya jumbe za kazi na walaji wanne, yaani programu zinazochukua jumbe humo na kuzifanyia kazi. Kazi za usiku zinachukua saa 5 kuisha, kwa hiyo timu inaongeza mlaji wa tano. Usiku unaofuata kazi zile zile zinaisha kwa saa 2 na dakika 2. Wakaona mambo si hayo, wakaongeza wa sita. Muda ukapanda hadi saa 3 na dakika 20. Msimbo haukuguswa, mzigo ni ule ule, na mashine zote zina nguvu sawa.

Kisa hiki kimepangwa kwa ajili ya uchambuzi, na namba zake zimenyooshwa ili yeyote aweze kufuata hesabu kwa kalamu. Tabia za programu zinazotajwa humu, hata hivyo, ni zile zile utakazokutana nazo ukiziendesha mwenyewe.

Mfumo ulivyo

Huduma inapokea video kutoka kwa wateja wengi. Kila video inapopakiwa, programu ya mapokezi, yaani mzalishaji, inatuma jumbe mbili kwenye foleni. Wa kwanza unaagiza video igeuzwe iwe katika muundo unaochezeka kwenye simu. Wa pili unaagiza kijipicha cha kuwekwa kwenye orodha. Kazi ya kwanza inakula sekunde 60, ya pili sekunde 1.

Broka, yaani programu inayotunza foleni na kuwagawia walaji jumbe, ni RabbitMQ, iliyotoka mwaka 2007 na kuandikwa kwa Erlang. (Lugha hiyo ina jina la Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen ambaye mwaka 1909 alichapisha hesabu za simu zinazoingia kwa kubahatisha, mwanzo wa nadharia ya foleni. Foleni zimerudi kwa mwenyewe.) Walaji ni michakato inayofanana. Kila mmoja anafanya kazi moja kwa wakati, na anamthibitishia broka kwa `ack` pale tu kazi inapokamilika.

Usiku mteja mmoja mkubwa anapakia video 600 kwa mkupuo, kupitia muunganisho mmoja. Foleni inapokea jumbe 1,200 kwa mpangilio huu: video, kijipicha, video, kijipicha, mpaka mwisho. Kazi yote ikijumlishwa ni sekunde 36,600. Ukiigawa kwa walaji wanne inatoka sekunde 9,150, yaani saa 2, dakika 32 na nusu. Hicho ndicho kiwango ambacho timu ilikuwa na haki ya kukitarajia. Wakapata saa 5.

Zamu bila kuangalia mzigo

Dashibodi ilikuwa na jibu tangu siku ya kwanza, ila lilisomwa vibaya. Muda mfupi baada ya mkupuo kuingia, safu ya `Ready` (zinazosubiri kwenye foleni) ilionyesha 0 na safu ya `Unacked` (zilizokabidhiwa bila kuthibitishwa) ikaonyesha karibu 1,200. Aliyekuwa zamu akaona sifuri akaamini foleni ni tupu. Kweli ilikuwa tupu, lakini jumbe zilikuwa hazijafanyiwa kazi. Zilikuwa zimehamishwa zote kutoka kwenye foleni kwenda kwenye kumbukumbu za walaji wanne, zinasubiri humo.

RabbitMQ isipowekewa kikomo, husukuma jumbe kwa walaji mara tu zinapofika, kwa zamu: wa kwanza kwa A, wa pili kwa B, wa tatu kwa C, wa nne kwa D, wa tano kwa A tena. Haiulizi nani ana nafasi. Haijui ujumbe upi ni wa sekunde 60 na upi ni wa sekunde 1, na kwa mtazamo wake kila mlaji amepata haki yake, jumbe 300 kwa 300.

Sasa angalia zilivyoanguka. Jumbe zenye namba witiri zote ni video. A alipata wa 1, wa 5, wa 9. C alipata wa 3, wa 7, wa 11. Wote wawili walipewa video tupu. B na D walipewa vijipicha tupu. A na C walifanya kazi 300 za sekunde 60, ambazo ni saa 5 kamili. B na D walimaliza kwa dakika 5, wakakaa saa 4 na dakika 55 bila kazi huku wenzao wamezama.

Alipoingia mlaji wa tano, mzunguko ukapishana na mpangilio wa jumbe. A sasa anapata wa 1, wa 6, wa 11, wa 16, maana yake video, kijipicha, video, kijipicha. Kila mmoja kati ya watano anabeba jumbe 240, nusu nzito na nusu nyepesi, jumla sekunde 7,320. Hizo ni saa 2 na dakika 2, na huo ndio mgawo bora kabisa unaowezekana kwa walaji watano. Timu ilipata jibu sahihi kwa bahati tu, kwa kuwa 5 haigawanyiki kwa 2.

Wa sita akaharibu. Sita inagawanyika kwa mbili, kwa hiyo video zote zikarudi kwa walaji watatu, kila mmoja 200, sawa na sekunde 12,000. Hizo ndizo saa 3 na dakika 20. Wale watatu wa vijipicha walimaliza kwa dakika 3 na sekunde 20. Sijui kama kuna mfano mzuri kuliko huu wa kuonyesha kwa nini kuongeza mashine kabla ya kusoma dashibodi ni kamari.

Kisa kina vijambo viwili vya pembeni vilivyowachelewesha kuona haya. Kwanza, "zima uwashe" ilikuwa inasaidia kweli. Mlaji A alipouawa katikati ya usiku, muunganisho wake ulifungwa, na broka ikarudisha kwenye foleni kila ujumbe aliokuwa hajauthibitisha. Video zake zikagawiwa wengine wote, wakiwemo wale waliokuwa wamekaa bure, na kazi ikaenda mbio. Dawa inayofanya kazi bila mtu kujua kwa nini ni mbaya, kwa sababu inaua hamu ya kuuliza. Kuongeza mlaji katikati ya mkupuo, kwa upande wake, hakukusaidia chochote. Foleni ilikuwa haina kitu cha kumpa, kila kitu kilikuwa tayari mikononi mwa wengine.

Pili, kengele ilikuwa imelia zamani na ikazimwa. Matoleo ya RabbitMQ ya miaka ya karibuni yana ukomo wa dakika 30: ujumbe uliokabidhiwa kwa mlaji usipothibitishwa ndani ya muda huo, broka hufunga chaneli ya mlaji huyo, yaani njia yake ya mawasiliano, kwa kosa la `PRECONDITION_FAILED` na jumbe zake hurudi foleni. Kwa mlaji A hilo lilikuwa lazima litokee. Baada ya dakika 30 alikuwa amemaliza video 30, na zile 270 zilizobaki zote zilikuwa na umri wa dakika 30 mikononi mwake. Mtu aliona makosa haya kwenye logi, akapandisha `consumer_timeout` hadi saa 12, na makosa yakanyamaza. Ukomo ule unalalamikiwa sana, mimi naupenda. Mara nyingi unapopiga kelele, tatizo ni kwamba mlaji ameshika jumbe nyingi kuliko anazoweza kuzimaliza, hata kama kila kazi peke yake ni fupi.

Mstari mmoja

Marekebisho ya upande wa walaji ni mafupi mno:

`channel.basic_qos(prefetch_count=1)`

Maana yake: usinipe ujumbe mwingine mpaka nithibitishe nilio nao. Kuanzia hapo zamu inakwenda kwa aliye huru. Mlaji aliyeshika video anaachwa amalize, na aliyemaliza kijipicha anapewa kinachofuata, kiwe kizito au chepesi. Kwa walaji sita kazi ile ile inaisha kwa takriban sekunde 6,100, yaani saa 1, dakika 41 na sekunde 40. Pengo la mwishoni, pale ambapo mmoja bado ana video na wengine wamemaliza, haliwezi kupita dakika moja.

Utaratibu huu wa kumpa kazi aliye huru una uthibitisho wa kihisabati. Mwaka 1966 Ronald Graham, akiwa Bell Labs, alionyesha kwamba ukigawa kazi kwa mashine m zinazolingana kwa kumpa tu kila anayekuwa huru, muda wako hautazidi mara 2 − 1/m ya mgawo bora kabisa, hata kama hujui urefu wa kazi yoyote. Kwa sita hiyo ni mara 1.83 kwa hali mbaya kupita zote. Kazi zikiwa nyingi na kila moja ikiwa ndogo ukilinganisha na jumla, kama hapa, unakuwa karibu kabisa na 1. Broka haihitaji akili ya kukisia uzito wa kazi. Inahitaji tu kuacha kugawa mapema.

Kikomo hiki kina masharti. Hakifanyi kazi kwa mlaji aliyejiunga kwa uthibitisho wa moja kwa moja, kwa sababu hapo broka inahesabu ujumbe kuwa umekwisha mara unapotoka mlangoni, hakuna kilicho "mkononi" cha kuhesabiwa. Mlaji wa namna hiyo akianguka, vyote alivyokuwa navyo vinapotea. Na ukithibitisha mwanzoni mwa kazi badala ya mwishoni unapata nusu ya faida. Wanaotumia Celery, maktaba ya Python ya kugawa kazi, wanakutana na hili bila kujua: kwa kawaida yake huthibitisha kabla ya kufanya kazi, na kila mchakato hukabidhiwa akiba ya jumbe 4. Ukishusha akiba hiyo (`worker_prefetch_multiplier`) hadi 1 na kuacha `acks_late`, mpangilio wa kuthibitisha baada ya kazi, ilivyo, kila mchakato bado unafanya kazi moja na kukalia nyingine moja. Kijipicha cha sekunde moja kinaweza kukwama nyuma ya video ilhali jirani yuko huru.

Je, moja ni namba sahihi kila mahali? Hapana. Kila uthibitisho ni safari ya kwenda na kurudi kwenye mtandao. Kama safari hiyo ni milisekunde 10 na kazi yenyewe ni milisekunde 2, mlaji mwenye kikomo cha 1 anafanya kazi milisekunde 2 kati ya kila 12 na zilizobaki anasubiri. Huyo anahitaji angalau 6 mkononi ili asikae bure. Nyaraka za RabbitMQ zenyewe zinasema 100 hadi 300 ndiyo huleta kasi nzuri kwa kawaida, na kwa kazi za kufumba na kufumbua ni kweli. Hapa kazi fupi kuliko zote ni sekunde nzima, milisekunde 10 hazionekani.

Kwa Kafka, broka ya aina nyingine, mstari huo haupo. Pale foleni imekatwa katika patisheni, yaani vipande, na ndani ya kundi moja la walaji kila patisheni husomwa na mlaji mmoja tu. Mgawo umeshaamuliwa kabla kazi haijaanza. Walaji wakizidi patisheni, waliozidi wanakaa. Mlaji huchukua hadi rekodi 500 kwa mkupuo mmoja, na asiporudi kuomba nyingine ndani ya dakika 5 anahesabiwa kuwa amekufa na patisheni zake zinapewa wengine. Kwa mzigo huu, ambao wastani wake ni sekunde 30.5 kwa ujumbe, rekodi 500 zingechukua zaidi ya saa 4. Toleo la 4.0 la mwaka 2025 lilileta kwa majaribio makundi yanayogawana jumbe mojamoja na kuzithibitisha mojamoja, jambo linaloonyesha ni wangapi walikuwa wakiitumia Kafka kwa kazi za namna hii kwa kulazimisha.

Malalamiko yakahama

Timu ilipoweka kikomo, grafu za walaji zikanyooka, sita wote wanafanya kazi mwanzo hadi mwisho. Wiki ile ile malalamiko yakaongezeka.

Waliolalamika walikuwa wateja wadogo. Mtu anapakia video moja saa moja usiku, dakika moja baada ya mkupuo wa mteja mkubwa kuingia, na kijipicha chake kinatokea baada ya saa 1 na dakika 41. Kabla ya marekebisho alikuwa na bahati ya kubahatisha: kijipicha chake kikiangukia kwa mlaji wa vijipicha, kilitoka baada ya dakika chache. Sasa kila mtu anasubiri mstari mzima uliomtangulia. Haki kati ya walaji imepatikana, na haki kati ya wazalishaji haijaguswa. Aliyetuma jumbe 1,200 amepata nafasi 1,200 za mbele, aliyetuma mbili amepata mbili za mwisho.

Tatizo hili lilielezwa na John Nagle mwezi Desemba 1985, katika waraka wa RFC 970, kuhusu vifaa vinavyopitisha pakiti za mtandao. Hoja yake ni kwamba foleni ya "anayewahi ndiye anayehudumiwa kwanza" humzawadia anayetuma kwa fujo: ukituma zaidi unapata zaidi, na mwenye adabu anaumia. Kuongeza kumbukumbu ya kifaa hakuponyi, kunarefusha tu mstari. Pendekezo lake lilikuwa kila chanzo kiwe na foleni yake, na kifaa kipitie foleni hizo kwa zamu, pakiti moja moja. Anayetuma kwa fujo anajaza foleni yake mwenyewe.

Na pendekezo hilo lilikuwa na tundu ambalo msomaji wa kisa hiki ameshaliona: linahesabu pakiti. Mwenye pakiti kubwa anapata sehemu kubwa ya waya. Mwaka 1989 Alan Demers, Srinivasan Keshav na Scott Shenker walirekebisha kwa kugawa kana kwamba zamu inakwenda biti kwa biti. Mwaka 1995 M. Shreedhar na George Varghese wakatoa njia nyepesi zaidi, ya zamu zenye salio. Ni hitilafu ile ile ya mlaji A na B, upande wa pili wa foleni. Broka inahesabu jumbe, wakati kilicho haba ni muda wa mlaji.

Njia zilizokataliwa

La kwanza kupendekezwa lilikuwa vipaumbele: vijipicha viwe juu, video chini. Ni rahisi, na kwa kisa hiki lingeficha tatizo kwa muda. Lakini kipaumbele kikali hakina mwisho wa kusubiri kwa aliye chini. Mteja mwingine akianza kutengeneza upya vijipicha vyake vyote, video hazitasogea kabisa. Tena haligusi swali lenyewe, kwa kuwa video ya mteja mdogo bado iko nyuma ya video 600.

La pili lilionekana kuwa ndilo hasa: foleni moja kwa kila mteja, kila mlaji ajiunge na zote, kikomo kibaki 1. Hapa pana mtego ambao nimeona watu wengi wakiingia. Katika RabbitMQ kikomo kinahesabiwa kwa kila usajili, si kwa kila mchakato. Mchakato mmoja ukijiunga na foleni 40 kwa kikomo cha 1, unaweza kukabidhiwa jumbe 40. Tumerudi kwenye kulimbikiza. Kulikuwa na namna ya kukifanya kikomo kiwe cha chaneli nzima, lakini foleni za aina ya kworamu, ambazo ndizo zinazopendekezwa kwa kazi isiyotakiwa kupotea, haziikubali. Mchakato ungeweza kuchukua ujumbe mmoja mmoja kwa `basic.get` na kuzunguka foleni wenyewe, ila wenye RabbitMQ wanakatisha tamaa njia hiyo kwa sababu ya gharama ya kuuliza uliza. Na bado lingekuwa zamu ya kuhesabu jumbe.

Waliokuwa wakitumia SQS, huduma ya foleni ya Amazon, wangekuwa na njia fupi zaidi. Tangu Julai 2025 foleni zake za kawaida zinaweza kuwekewa utambulisho wa mteja kwenye kila ujumbe, na huduma inaangalia ni mteja yupi ana sehemu kubwa isiyo ya kawaida ya jumbe zilizo mikononi mwa walaji. Akipatikana, jumbe za wengine zinatangulizwa. Kuangalia zilizo mikononi badala ya zilizotumwa ni uamuzi wa busara: kazi ndefu hukaa mkononi muda mrefu, kwa hiyo kipimo hicho kinakaribia kipimo cha muda.

Mgawaji

Walichojenga ni programu ndogo inayokaa kati ya mapokezi na broka. Mapokezi hayaandiki tena moja kwa moja kwenye foleni ya kazi. Yanaandika agizo kwenye jedwali la hifadhidata, pamoja na mteja na makadirio ya sekunde. Mgawaji anasoma jedwali na kuachia jumbe kwenye foleni ya kazi, kwa sharti kwamba zinazosubiri humo zisizidi sita kamwe. Kila uamuzi wa nani atangulie unafanyika nje ya broka, kwa kuchelewa kadiri inavyowezekana.

Kuchagua kunafuata zamu zenye salio. Chukua fungu la sekunde 30 kwa kila mzunguko, mteja mkubwa mwenye video 600 na mdogo mwenye vijipicha 40. Mzunguko wa kwanza, mkubwa anapata 30, video yake ya mbele inataka 60, haitoki. Salio la 30 analibakiza. Mdogo anapata 30, vijipicha 30 vinatoka, salio linakuwa 0. Mzunguko wa pili, mkubwa ana 60, video moja inatoka. Mdogo anapata 30 nyingine, vijipicha 10 vilivyobaki vinatoka, na sekunde 20 zilizobaki zinafutwa kwa sababu foleni yake imeisha. Kufuta huko si ukatili. Bila hivyo mteja aliyekaa kimya mwezi mzima angerudi na salio la kuwafungia wenzake mlango kwa siku nzima. Kuanzia mzunguko wa tatu mkubwa yuko peke yake, na walaji wote sita ni wake. Hakuna anayebaniwa wakati nafasi ipo.

Makadirio hukosea, hasa kwa video. Kwa hiyo mlaji akimaliza anaandika sekunde zilizotumika kweli, na mgawaji anarekebisha salio: video iliyokadiriwa 60 ikala 90, mwenyewe anadaiwa 30, hata salio likiwa hasi. Hiki ndicho kipengele ambacho ningekitetea kuliko vyote. Bila hicho, mteja ambaye video zake ni nzito kuliko kawaida anapata zaidi kila siku na hakuna anayemwona.

Mteja mdogo anayekuja katikati ya mkupuo sasa anasubiri kiasi gani? Hali mbaya kabisa ni hii: walaji sita wameanza video sekunde hii hii, na foleni ya kazi ina video sita nyingine zimeshaachiwa. Sita za kwanza zinaisha baada ya sekunde 60, sita za pili zinaingia, na yeye anaanza baada ya sekunde 120. Dakika mbili badala ya saa 1 na dakika 41. Kulikuwa na wazo la kumtenga mlaji mmoja kwa ajili ya vijipicha tu, ili hata dakika hizo mbili ziondoke. Hesabu yake ni wazi: video 600 kwa walaji watano ni saa 2 kamili badala ya saa 1 na dakika 41, na mlaji wa sita anakaa bure karibu usiku kucha. Wakaliweka kando, na nadhani walifanya vyema.

Kulikuwa na mambo mawili ya kusafisha kabla ya kuwasha mgawaji. Ujumbe unaorudi foleni utafanywa mara mbili siku moja, kwa hiyo matokeo yanaandikwa kwa jina linalotokana na namba ya agizo, kwanza kama faili la muda, kisha linabadilishwa jina kwa hatua moja. Kurudia hakuharibu kitu. Na kuna video mbovu zinazomaliza kumbukumbu na kumuua mlaji. Kikomo cha 1 kinafanya hatari yake ionekane zaidi, kwa kuwa ujumbe unarudi na kumuua anayefuata, mmoja baada ya mwingine. Foleni za kworamu tangu toleo la 4.0 la RabbitMQ zina ukomo wa kurudishwa mara 20, ambao kwa walaji sita unatosha kuwazungukia wote mara tatu. Walishusha hadi 3, na inayozidi inakwenda kwenye foleni ya zilizoshindikana, mtu aitazame asubuhi. `consumer_timeout` ikarudishwa dakika 30.

Dashibodi nayo ilibadilishwa. Urefu wa foleni ya kazi hauna maana tena, daima ni sita au chini. Kinachopimwa ni umri wa agizo kongwe kuliko yote kwa kila mteja. Kengele inalia mteja mwenye maagizo machache anapopita dakika tatu. Mwenye video 600 ana agizo lenye umri wa saa nzima kila usiku, na hilo halimwamshi mtu.

Lililobaki na mjadala ni nani hasa ahesabiwe kuwa mteja mmoja. Mwanzoni mgawaji alitumia ufunguo wa kuingilia, na mteja mkubwa ana funguo kumi, moja kwa kila idara. Akawa anapata mafungu kumi ya sekunde 30 kila mzunguko bila kukusudia. Sasa mafungu yanatolewa kwa mkataba, na ndani ya mkataba kuna mzunguko wa pili mdogo kati ya funguo, ili idara moja isizibe nyingine. Anayetaka fungu la sekunde 60 badala ya 30 anaandikiwa hivyo kwenye mkataba wake, na mgawaji anasoma namba hiyo kutoka kwenye jedwali la mikataba.